Maswali na Majibu ya Wasomaji: Chupa Inapovuka Mpaka wa Jimbo Nchini Marekani

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu jambo moja, nalo ni kununua au kutuma mvinyo na pombe nyingine kutoka jimbo moja la Marekani hadi jingine, moja kwa moja hadi mlangoni kwa mnywaji. Nyingi zimetoka kwa wasomaji wetu waishio huko, na moja imetoka Dodoma. Majibu yanaeleza sheria kwa ujumla. Mwenye shauri mahususi amwone wakili wa jimbo lake.

Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tulipotembelea Napa, California, tulipendezwa na kiwanda kimoja kidogo cha mvinyo, tukaagiza katoni mbili: moja ije kwetu Dallas, nyingine iende Salt Lake City kwa dada yangu aliyehamia nyumba mpya. Karani aliipokea anwani ya Dallas bila shida, lakini alipoona ile ya Utah alisema haiwezekani kabisa. Je, Marekani si nchi moja? Mbona viatu nilivyomtumia dada yangu mwaka jana vilifika? — Msomaji, Dallas, Texas

Dada yetu, viatu na mvinyo havilingani mbele ya Katiba ya Marekani. Kwa bidhaa za kawaida, mamlaka ya kusimamia biashara kati ya majimbo yako mikononi mwa Bunge la nchi nzima, na jimbo haliruhusiwi kujijengea ukuta dhidi ya bidhaa za jirani yake. Pombe imewekewa utaratibu wake. Marekebisho ya 21 ya Katiba, yaliyoidhinishwa tarehe 5 Desemba 1933 ili kufuta marufuku ya pombe iliyokuwa ikitumika nchi nzima tangu Januari 1920, yana kifungu cha pili kinachokataza kusafirisha au kuingiza vileo katika jimbo lolote kinyume cha sheria za jimbo hilo. Muuzaji anaweza kuwa California na mlipaji akawa Texas, lakini kama katoni inapokelewa Utah, sheria ya Utah ndiyo itakayoamua.

Kifungu hicho kina mizizi mirefu kuliko marufuku yenyewe, na ugomvi uliokizaa ulihusu jambo hili hili unaloliuliza. Mwaka 1890, katika kesi ya Leisy dhidi ya Hardin, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo la Iowa, ambalo lilikuwa limepiga marufuku pombe, halikuwa na uwezo wa kuzuia bia iliyoletwa kutoka Illinois maadamu ilikuwa bado imo katika vyombo ilivyosafirishiwa. Bunge lilijibu mwaka huo huo kwa Sheria ya Wilson, lakini Mahakama iliitafsiri kwa namna iliyoacha mwanya mkubwa: jimbo liliweza kufunga maduka yake yote ya pombe, ilhali mkazi wake aliweza bado kuagiza chupa kwa barua kutoka jimbo jingine na kuipokea kwa matumizi yake mwenyewe. Biashara hiyo ya maagizo ilishamiri hadi mwaka 1913, Bunge lilipopitisha Sheria ya Webb-Kenyon licha ya kura ya turufu ya Rais William Howard Taft, na kuuziba mwanya huo. Maneno ya Marekebisho ya 21 yanafanana sana na ya sheria hizo mbili.

Baada ya mwaka 1933 majimbo mengi yaligawa biashara ya pombe katika ngazi tatu: mtengenezaji humuuzia muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla humuuzia mwenye duka au baa, na huyo ndiye anayemuuzia mnywaji. Nia ilikuwa kuvunja desturi ya zamani ambapo viwanda vya bia vilimiliki au kudhamini vilabu vya pombe na kuvishinikiza viuze kwa wingi kadiri iwezekanavyo. Kiwanda cha Napa kinapokutumia katoni nyumbani kinaziruka ngazi mbili kwa pamoja, na ndiyo maana kinahitaji ruhusa maalumu ya jimbo la mpokeaji.

Texas inatoa ruhusa hiyo. Kiwanda cha nje chenye kibali cha Texas kinaweza kumtumia mteja mmoja hadi galoni 9 kwa mwezi, yaani kama chupa 45 za kawaida, na zisizidi galoni 36 katika miezi 12. Majimbo mengine yana viwango vyao: Virginia huruhusu katoni mbili kwa mwezi, New York katoni 36 kwa mwaka. Nyingi za ruhusa hizi ni za mvinyo tu. Bia na pombe kali zimebaki nyuma sana, ingawa Kentucky, kwao wiski ya bourbon, ilipitisha mwaka 2020 sheria inayokubali hata pombe kali. Utah haitoi kibali cha aina hiyo kwa kiwanda chochote. Huko jimbo lenyewe ndilo linaloendesha maduka ya mvinyo na pombe kali, na dada yako akitaka mvinyo usiopatikana madukani humo, njia yake ni kupeleka ombi maalumu kwa idara ya jimbo inayosimamia vileo, ambayo humwagizia na kumkabidhi kupitia duka lake. Hutakuwa na mshangao wa zawadi, lakini mvinyo atakunywa.

Utofauti huu wakati mwingine hushuka hadi ngazi ya kaunti. Kaunti ya Moore huko Tennessee, wanakotengeneza wiski ya Jack Daniel's inayouzwa dunia nzima, kwa muda mrefu imehesabiwa miongoni mwa kaunti zinazokataza uuzaji wa pombe.

Kwenye risiti ya kiwanda cha California nimetozwa kodi ya Texas. Ni halali? — Msomaji huyo huyo

Ni halali. Kukubali kulipa kodi ya jimbo la mpokeaji ni moja ya masharti ya kupata kibali cha kutuma, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2018 katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, jimbo linaweza kumdai kodi ya mauzo hata muuzaji asiye na ofisi wala ghala ndani ya mipaka yake.

Mjomba wangu anayeishi Houston anatimiza miaka 70. Nina chupa mbili za Konyagi nilizoletewa kutoka Dar es Salaam, nazo ndizo anazozitamani kuliko zawadi yoyote. Rafiki yangu ananishauri nizifunge vizuri, niandike kwamba ni mafuta ya nazi, nizipeleke posta. Unasemaje? — Msomaji, Worcester, Massachusetts

Usifanye hivyo. Sheria ya nchi nzima imekataza posta ya Marekani kubeba vileo tangu mwaka 1909, na kuandika maelezo ya uongo juu ya kifurushi kunaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Kampuni binafsi hazitakusaidia pia: FedEx na UPS hubeba pombe kwa ajili ya mtumaji mwenye leseni aliyeingia nao mkataba wa jambo hilo, na mtu binafsi hawampokelei chupa hata akiwaambia ukweli wote. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa wanadhani ruhusa za kutumiana pombe kati ya majimbo zinawahusu wao, kumbe karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya watengenezaji wenye leseni.

Una njia mbili zilizo safi. Ya kwanza ni kupiga simu katika duka lenye leseni huko huko Houston linalopeleka bidhaa majumbani, ukalipie kwa kadi na mjomba aletewe kinywaji akiwa na kitambulisho chake mkononi. Hapo hakuna mpaka wa jimbo uliovukwa. Ya pili, kama ni lazima iwe Konyagi, ni kuzibeba mwenyewe siku utakapokwenda kumsalimia. Kinywaji chenye kilevi kati ya asilimia 24 na 70 kinaruhusiwa ndani ya begi linalopita mizigoni katika ndege, kisizidi lita 5 kwa abiria, kikiwa katika chupa za dukani ambazo hazijafunguliwa. Konyagi, kwa asilimia 35 yake, imo ndani ya kiwango hicho.

Nina duka dogo la mvinyo South Bend, Indiana, umbali wa dakika chache kutoka mpaka wa Michigan. Wateja wangu wa Michigan huvuka kuja kununua, lakini nikitaka kuwapelekea nyumbani naambiwa ni kosa. Kiwanda cha California, kilicho upande wa pili wa nchi, kinawatumia bila wasiwasi. Nilisoma kwamba Mahakama ya Juu ilikwisha kuzuia Michigan isibague watu wa nje. Je, uamuzi huo haunihusu? — Msomaji, South Bend

Swali lako, ndugu, limewachosha majaji wengi.

Uamuzi uliousoma ni wa kesi ya Granholm dhidi ya Heald, uliotolewa tarehe 16 Mei 2005. Michigan wakati ule iliviruhusu viwanda vya mvinyo vya ndani kuwatumia wateja moja kwa moja, lakini vya nje vilitakiwa kupitia kwa wauzaji wa jumla. New York ilivitaka viwanda vya nje vifungue kwanza ofisi na ghala ndani ya jimbo, sharti ambalo kiwanda kidogo kisingelimudu. Miongoni mwa walioishtaki New York alikuwa Juanita Swedenburg, mwenye shamba la mizabibu huko Virginia, ambaye wateja waliomtembelea walirudi kwao na wasiweze kumwagiza tena. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Jaji Anthony Kennedy akiandika kwa niaba ya walio wengi, Mahakama iliamua kwamba Marekebisho ya 21 yanalipa jimbo uwezo mkubwa wa kupanga biashara ya pombe, lakini hayalipi ruhusa ya kuwapendelea watengenezaji wake kuliko wa majimbo mengine. Jimbo linaweza kufunga mlango kwa wote au kuufungua kwa wote. Michigan na New York zote mbili zilichagua kuufungua, mwaka huo huo.

Wachache walipinga kwa hoja ambayo mimi naiona nzito kuliko inavyosemwa. Jaji John Paul Stevens, aliyezaliwa mwaka 1920, mwaka ule ule marufuku ilipoanza kutumika, alikumbusha kwamba Wamarekani wa leo huiona pombe kama bidhaa ya kawaida, lakini vizazi vilivyoandika marekebisho mawili ya Katiba, yale yaliyoleta marufuku na haya ya 21 yaliyoifuta, havikuiona hivyo, na maneno ya kifungu cha pili hayana sharti lolote la usawa. Ukiyasoma maneno yenyewe, utaona alikuwa na hoja.

Sasa angalia neno "watengenezaji". Granholm ilihusu viwanda, na ndani yake Mahakama ilisema mfumo wa ngazi tatu ni halali. Wewe hutengenezi mvinyo. Umo katika ngazi ya tatu ya Indiana, na chupa zako zimetoka kwa wauzaji wa jumla wa Indiana. Michigan inaruhusu maduka yake kupeleka mvinyo majumbani kwa sababu chupa zao zimepitia kwa wauzaji wa jumla wa Michigan, ambako jimbo linaweza kukagua, kutoza kodi na kusimamia bei. Mwenye maduka mwenzako wa Indiana alilipeleka jambo hili mahakamani katika kesi ya Lebamoff dhidi ya Whitmer. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita iliamua kwamba Michigan ina haki ya kukataa, kwa kuwa kuliruhusu duka la nje litume chupa moja kwa moja ni kutoboa ngazi ya kati ya mfumo wake. Na mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri hilo. Mahakama nyingine za rufaa ziliamua vivyo hivyo kuhusu Missouri mwaka 2021 na North Carolina mwaka 2022.

Kuna uamuzi mmoja ambao wenye maduka waliuwekea matumaini. Mwaka 2019, katika kesi iliyotoka Tennessee, Mahakama ya Juu ilifuta kwa kura 7 dhidi ya 2 sharti la kumtaka mwombaji wa leseni ya duka la pombe awe amekaa katika jimbo hilo miaka miwili. Miongoni mwa waombaji walikuwamo mume na mke waliohama Utah kwenda Memphis kwa ajili ya afya ya binti yao. Jaji Samuel Alito alieleza kwamba kanuni ya kutobagua haiishii kwa watengenezaji, na kwamba sheria ya jimbo lazima iwe na uhusiano wa kweli na afya au usalama wa umma. Wengi walidhani hapo mlango wa maduka ya nje umefunguka. Hata hivyo, uamuzi ule ulimhusu mtu anayetaka kufungua duka ndani ya jimbo na kutii mfumo wake mzima, wakati wewe unataka kubaki nje na kuuza ndani. Kesi za Michigan, Missouri na North Carolina ziliamuliwa baada ya hapo, na zote zilikwenda upande wa jimbo.

Kwa maoni yangu, tofauti hii kati ya kiwanda na duka ina nguvu mahakamani kuliko ilivyo na mantiki sokoni. Kama katoni ya kutoka California inaweza kukaguliwa kwa njia ya kibali, ripoti na kodi, ni vigumu kueleza kwa nini katoni ya kutoka South Bend isikaguliwe kwa njia hiyo hiyo. Wauzaji wa jumla ndio wanaonufaika zaidi na tofauti hiyo, nao hawakawii kupeleka mawakili kuitetea. Lakini maoni yangu hayatakukinga. Tangu mwaka 2000 Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaweza kumfuata mtumaji wa nje katika mahakama ya shirikisho na kuomba amri ya kumzuia, na leseni yako ya Indiana inaweza kuingia mashakani pia. Wateja waendelee kuja dukani.

Ninapeleka vifurushi hapa Columbus, Ohio. Wakati mwingine nakuta kijana wa chuo peke yake nyumbani, mama yake yuko kazini, naye anasema nimwachie tu. Pia mimi ni Mwislamu, na kubeba pombe kunanikera. Ninaweza kukataa? — Msomaji, Columbus

La kwanza halina mjadala. Kifurushi cha pombe hupokelewa kwa saini ya mtu aliyetimiza miaka 21 na kuonyesha kitambulisho. Hakiachwi mlangoni wala kwa jirani mdogo. Umri huo unafanana nchi nzima kwa sababu mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya kupunguza fedha za barabara kuu kwa jimbo lolote linalomruhusu aliye chini ya miaka 21 kununua pombe, na majimbo yote yakakubali. Asipokuwapo mtu mzima, rudi nacho. Hofu ya watoto kuagiza mvinyo ilitajwa sana na Michigan na New York katika kesi ya Granholm. Mahakama ilijibu kwamba majimbo 26 yaliyokwisha kuruhusu utumaji hayakuripoti tatizo kubwa la aina hiyo. Jibu hilo linategemea wapelekaji kama wewe kuomba kitambulisho kila mara.

La pili ni haki yako kuliuliza kazini. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri azingatie imani ya mfanyakazi, na mwaka 2023, katika kesi ya Groff dhidi ya DeJoy iliyomhusu mfanyakazi wa posta, Mahakama ya Juu ilisema mwajiri hawezi kukataa mpaka aonyeshe kwamba kufanya hivyo kungeielemea biashara yake kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2015 baraza la mahakama huko Illinois liliwapa madereva wawili wa malori, Waislamu wenye asili ya Kisomali, jumla ya dola 240,000 baada ya kufukuzwa kwa kukataa kubeba pombe, ilhali mwajiri alikuwa na uwezo wa kuwabadilishia mizigo. Peleka ombi lako kwa maandishi, ueleze sababu, na upendekeze mwenzako wa kubadilishana naye njia. Usikitupe wala kukificha kifurushi ulichokwisha kukabidhiwa.

Sisi ni wakulima wa zabibu na tuna kiwanda kidogo cha mvinyo. Watanzania walioko Marekani wanatuandikia wakitaka tuwatumie katoni majumbani. Tufanyeje? — Msomaji, Dodoma

Ndugu zetu, vibali tulivyovitaja hapo juu vimetungwa kwa ajili ya viwanda vyenye leseni ya huko huko Marekani, na kanuni ya usawa ya Granholm inahusu jimbo dhidi ya jimbo, haimhusu mtengenezaji wa nchi nyingine. Mvinyo wa Dodoma unaingia kupitia mlango wa mbele. Mnahitaji mwagizaji aliye Marekani mwenye kibali cha shirikisho, kinachotolewa na idara ya kodi na biashara ya pombe na tumbaku iliyo chini ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Huyo ndiye atakayeomba lebo yenu ikubaliwe, ikiwa na onyo la afya linalotakiwa na sheria ya mwaka 1988. Kiwanda chenu kinapaswa pia kusajiliwa na mamlaka ya chakula na dawa ya huko, kikiwa na wakala aliye Marekani, na kila shehena itolewe taarifa kabla ya kufika. Kisha mwagizaji auze kwa muuzaji wa jumla katika jimbo mnalolitaka.

Ushauri wangu ni kuchagua jimbo moja lenye Watanzania wengi, mkapata mwagizaji na duka moja au mawili yatakayouza mvinyo wenu huko, kuliko kujaribu kuwafikia wote kwa mara moja. Kwa wateja wasioweza kusubiri, wakumbusheni kwamba msafiri aliyetimiza miaka 21 anayerudi Marekani huruhusiwa lita moja ya pombe bila ushuru. Akizidisha atalipia ziada, na afisa wa forodha ataangalia pia sheria ya jimbo analoingilia. Kwa upande wa ndege, kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 24 hakiwekewi ukomo na kanuni za usalama wa anga za Marekani ndani ya begi la mizigoni, na mvinyo wa kawaida wa zabibu uko chini ya hapo.